Je, mwenye VVU anaweza kumpa mwenzake figo?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983. Leo, kwa wanaohudhuria kliniki za matunzo na tiba (CTC) katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani humo, dawa za kufubaza virusi zimerefusha maisha, na umri umeleta maradhi yake: shinikizo la damu, kisukari, figo kushindwa kufanya kazi. VVU vyenyewe navyo huweza kuharibu figo.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Mtoaji huwa ndugu wa mgonjwa. Je, ndugu huyo akiwa na VVU?

Afrika Kusini ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 2008 Dkt. Elmi Muller wa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kuwapandikizia wagonjwa wenye VVU figo za marehemu waliokuwa na VVU. Marekani iliondoa marufuku ya kisheria mwaka 2013, na mwaka 2019 mtu aliye hai mwenye VVU akatoa figo yake huko Baltimore. Tangu mwishoni mwa 2024, upandikizaji huo wa figo na ini nchini humo si lazima tena ufanywe ndani ya utafiti.

Anayepokea, hata hivyo, ni mwenye VVU pia. Dawa zikifanya kazi, virusi havionekani kwenye kipimo na mtu hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Lakini virusi hubaki vimejificha ndani ya chembe hai, na figo huhama navyo. Hata aliye navyo tayari anaweza kupata aina nyingine iliyo sugu kwa dawa, ndiyo maana historia ya matibabu ya mtoaji huchunguzwa. Mtoaji aliye hai naye hupimwa kwa makini, kwani atabaki na figo moja.

Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya hugongana na ritonavir, mojawapo ya dawa za VVU. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD, haina tatizo hilo.

Kutoka Murongo, wilayani Kyerwa, hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 1,000. Kulinda figo ni nafuu kuliko kuipandikiza. Meza dawa bila kukatisha, pima shinikizo na sukari, na uliza CTC kuhusu kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo. Usijinunulie diklofenaki kila mgongo unapouma: ikikutana na tenofovir, iliyomo pia kwenye TLD, figo ndizo huumia.