Safari ya Mgonjwa wa Moyo Huanzia Zahanati ya Kijiji

Mkazi wa kata yoyote ya halmashauri hii anapoambiwa kuwa moyo wake una hitilafu, neno linalotangulia midomoni mwa ndugu zake huwa ni moja: Muhimbili. Huuzwa mbuzi, hukopwa nauli kwenye kikoba, na alfajiri mgonjwa huwa ndani ya basi la Dar es Salaam, pengine bila barua ya rufaa na bila majibu ya kipimo hata kimoja. Anafika amechoka, miguu imevimba zaidi kwa kukaa saa nyingi, kisha anaulizwa fomu ambayo angeweza kuanza kuifuatilia kilomita chache kutoka nyumbani kwake.

Mahali ambapo wengi hupakusudia wanapotaja Muhimbili kwa ajili ya moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyomo katika eneo lile lile la Hospitali ya Taifa, Upanga. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 huduma hiyo ikapata taasisi yake yenyewe. Hapo awali, mgonjwa aliyehitaji kuzibwa tundu la moyo au kubadilishiwa valvu alitegemea kupelekwa nje ya nchi, hasa India, na si kila aliyehitaji aliweza kupelekwa.

Kazi inayofanyika huko inaeleweka vizuri kwa mtu aliyewahi kusimama kando ya pampu ya mradi wa maji. Moyo nao ni pampu, wenye ukubwa unaokaribiana na ngumi ya mwenye nao, na hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Una valvu nne zinazoruhusu damu iende mbele bila kurudi nyuma, una mishipa inayoulisha wenyewe, na una umeme wake wa asili unaoamrisha kila pigo. Hitilafu inaweza kutokea katika sehemu yoyote kati ya hizo, na kila moja ina tiba yake.

Kwa watoto na vijana, hitilafu ya valvu ndiyo inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu nyingi kati yake zingeweza kuzuiwa hapa hapa kijijini. Mtoto wa umri wa shule hupata mafindofindo yanayosababishwa na bakteria, koo huuma, homa hupanda, kisha hali hutulia yenyewe na jambo husahaulika. Baada ya wiki mbili au tatu viungo huanza kuuma kwa kuhamahama: leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ni dalili kwamba mwili, katika kupambana na bakteria wale, umeanza kushambulia tishu zake wenyewe, zikiwemo valvu za moyo. Ugonjwa ukijirudia, valvu hukakamaa au hushindwa kufunga, na miaka kadhaa baadaye binti aliyekuwa mzima huanza kukosa pumzi, mara nyingi akiwa na ujauzito wake wa kwanza, kwa kuwa mimba huongeza kazi ya moyo. Penisilini inayotolewa mapema na kwa dozi kamili huzuia mlolongo huo. Kukata kimeo hakuzuii. Huleta jeraha na hatari ya kutokwa damu nyingi, na bakteria hubaki. Mtoto ambaye tayari amegunduliwa kuwa na tatizo hili huandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na sindano hiyo haiachwi eti kwa sababu mtoto anacheza mpira kama wenzake.

Mishipa inayoulisha moyo ikiziba, mtu huhisi kifua kubanwa kama kimewekewa mzigo, maumivu yakielekea bega, mkono wa kushoto au taya, huku jasho jembamba likimtoka. Wengi husema ni gesi au vidonda vya tumbo na kunywa magadi. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasipate maumivu makali, bali uchovu wa ghafla na kukosa pumzi. Kwa hali hii saa huhesabiwa. Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye kituo cha karibu chenye tabibu, wala asisubiri basi la asubuhi. Katika taasisi, madaktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye moyo, wakauzibua mshipa na kuacha humo kijibomba cha wavu kinachouweka wazi. Kifua hakipasuliwi. Anayepungukiwa na umeme wa moyo, ambaye mapigo yake yamekuwa ya taratibu mno hata akazimia, huwekewa betri ndogo chini ya ngozi ya kifua.

Mishipa ya damu haiishii kifuani. Mtu anayeumwa misuli ya mguu kila akitembea na kupona akisimama, au mwenye kisukari mwenye kidonda cha kidole kisichopona, huenda damu haifiki chini inavyopaswa, na akichelewa mguu unaweza kukatwa. Mama aliyejifungua karibuni ambaye mguu mmoja umevimba ghafla na kuuma asikandwe wala asisuguliwe kabla ya kupimwa, kwa kuwa bonge la damu lililoganda mshipani linaweza kung'oka na kwenda mapafuni.

Haya yote yanaweza kuanza kutambuliwa kwa vifaa vichache. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, hupimwa zahanati kwa dakika chache baada ya mtu kukaa na kutulia; likirudiwa siku nyingine na kuendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mtu huyo anahitaji uangalizi hata kama haumwi popote. Wengi huacha dawa wakishajisikia nafuu, ilhali nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe. Presha iliyoachwa hivyo hutanua moyo, huharibu figo na huleta kiharusi. Tatizo likizidi uwezo wa zahanati, mgonjwa hupelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, na barua humfuata ngazi kwa ngazi. Baadhi ya wagonjwa hutibiwa wakamaliza katika ngazi hizo. Aidha, wataalamu wa taasisi huzuru mikoa kwa huduma ya tiba mkoba. Ratiba inapofika, wananchi husikilize matangazo ya ofisi za kata na vijiji.

Gharama ndiyo inayowafanya wengi wakae nyumbani. Mwanachama wa bima anahitaji fomu ya rufaa ili bima yake imhudumie katika ngazi za juu. Asiye na uwezo aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kwa barua ya utambulisho, kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kusafiri. Kulifanya hilo mapema ni bora kuliko kulianza mgonjwa akiwa amelazwa Upanga.

Aliyefanyiwa upasuaji hurejea katika mikono ya watoa huduma wa wilaya. Mwenye valvu bandia ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara: dawa ikipungua valvu huweza kukwama kwa damu iliyoganda, ikizidi hutokwa damu ovyo. Mwanamke mwenye valvu hiyo azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Anayepewa rufaa abebe fomu yake, kadi ya bima au barua ya afisa ustawi, majibu yote ya vipimo, na dawa zenyewe zikiwa katika pakiti zake. Anayetumia mitishamba aitaje pia, maana ipo inayogongana na dawa za moyo. Kama upasuaji umepangwa, aongozane na ndugu wenye afya njema wanaoweza kuchangia damu. Si lazima wawe wa kundi moja na mgonjwa, kwa kuwa damu yao huingia katika akiba ya benki ya damu.