Lori likichemsha, muulize dereva kabla ya kushika spana

Mzigo wa Tunduma ukitoka Dar es Salaam hupita Mikumi, ukashuka hadi Ruaha Mbuyuni, mahali pa mibuyu, vitunguu vya kando ya barabara na joto lisilo na huruma. Baada ya hapo ndipo mlima wa Kitonga. Injini iliyokwisha kukimbia saa nyingi inadaiwa sasa ipandishe tani zake kona baada ya kona, gia ndogo, mwendo wa kupitwa na mwenda kwa miguu. Gari lenye maradhi ya joto halifichi kitu pale. Hukosi kuona lori kuukuu limeegeshwa pembeni, jiwe limesukumwa nyuma ya tairi, utingo anakuja na dumu la maji.

Barabara yenyewe ina historia ndefu ya kutesa magari. Utawala wa walowezi wa Rhodesia ulipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa njia yake ya kusini, na mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia njia ya vumbi na tope iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu. Lami ilikuja miaka michache baadaye. Jehanamu ikapungua, kuchemsha hakukuisha.

Lori la miaka ishirini na zaidi likianza kuchemsha, tajiri, kama madereva wanavyomwita mwenye gari, kwa kawaida hutibu kwa kununua. Rejeta inabadilishwa. Gari linarudi barabarani, linachemsha. Wota pampu inabadilishwa, linachemsha. Mwisho silinda hedi inafunguliwa na gasketi mpya inafungwa, na ikiwa Mungu amejalia, kimojawapo cha vifaa hivyo ndicho kilichokuwa kibovu. Fedha iliyotumika ingetosha seti ya tairi. Mtu ambaye hakuulizwa chochote katika mzunguko wote huo ni dereva, na ndiye mwenye jibu: gari linachemsha likiwa linafanya nini?

Akisema linachemsha kwenye foleni, pale Ubungo au Kibaha, lakini likishika mwendo joto linashuka, upepo ndio mshukiwa wa kwanza. Gari likitembea, hewa hupita yenyewe katikati ya rejeta. Likisimama, linategemea feni. Kwa hiyo hapo hutazamwa mkanda wa feni kama umelegea, na feni yenyewe kama inavuta ipasavyo. Malori mengi yana feni isiyofungwa moja kwa moja na injini. Katikati yake mna kishikio chenye mafuta mazito ya silikoni yanayoifanya ishike joto likipanda na ilegee likishuka. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kwa uvivu hata injini ikiwa inaungua. Dereva mzoefu hulijua hilo kwa sikio, maana feni iliyoshika huvuma na sauti yake inasikika hadi ndani ya kabini. Kuna pia lile duara la plastiki au bati linaloizunguka feni. Likivunjika, gereji nyingi hulitupa na kulisahau. Bila duara hilo feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta.

Akisema foleni hailisumbui, shida yake ni mlima au mwendo mkubwa likiwa na mzigo, habari imegeuka. Hewa ipo, ila joto linazalishwa kuliko linavyoondolewa. Rejeta inaweza kuwa imeziba kwa ndani, au kwa nje, na ya nje ndiyo husahauliwa zaidi. Kwenye lori lenye intakula mbele ya rejeta, vumbi, mabua na wadudu hujibana kati ya viwili hivyo, mahali ambapo macho hayafiki. Ukiliangalia kwa mbele unaona safi kabisa. Dawa ni kuvitenganisha na kupiga maji kutoka upande wa injini kuja mbele, tena maji ya kiasi, kwa sababu mashine ya kuoshea gari ikisogezwa karibu hulaza mapezi na kuziba njia ile uliyotaka kuifungua.

Mpira wa maji wa chini nao una hila yake. Huo hufyonza, wa juu husukuma. Ukizeeka na kulainika, na waya wa ndani ukiwa umekatika au umeliwa na kutu, hujibana pale injini inapopandishwa mzunguko na kukata maji yasifike kwenye pampu. Gari likisimama mpira unarudi umbo lake, fundi anaushika, anasema ni mzima. Itafutwe nafasi salama, mtu mmoja akanyage mafuta, mwingine aangalie kwa mbali mikono ikiwa nje ya feni.

Na si kila joto la mlimani ni kosa la mfumo wa maji. Breki inayoshika bila kuachia, dizeli inayopigwa nje ya majira yake, mzigo uliozidi: vyote huifanya injini itoe jasho la kazi isiyo yake. Dereva hawezi kumwambia tajiri kuhusu mzigo uliozidi, basi rejeta ndiyo hubeba lawama.

Kifaa ninachokionea huruma kuliko vyote ni mfuniko wa rejeta. Ni cha bei ndogo, kinaonekana kama kizibo tu, na kikipotea huwekwa chochote kinachoingia, au kitambaa. Kazi yake ni kushikilia presha. Mfuniko wa presha ya ba 0.9 ukiwa mzima, maji ya usawa wa bahari hayachemki hadi karibu nyuzi 118. Ukifa, yanarudi kuchemka kwenye 100. Sasa lipandishe gari hilo hadi Iringa mjini, mita 1,500 na ushee juu ya bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini ya dizeli inayofanya kazi nzito hufikia joto hilo bila kuwa na tatizo lolote. Ndipo unapata kisa kinachowachanganya wengi: geji inasoma kawaida, maji yanafoka. Gari hilo halikuhitaji rejeta mpya.

Kinyume chake pia kipo, geji inalala chini na injini inaungua. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakipungua ikabaki hewani, husoma uongo, na sindano inaweza kushuka wakati dereva anapopaswa kusimama haraka. Kwa hiyo sindano ikishuka ghafla katikati ya mlima, isipokelewe kama nafuu.

Thermostati sasa. Katika gereji zetu kuitoa ni kama tohara. Gari kuukuu likiingia lazima litahiriwe. Hoja yao ni kwamba huzuia maji, ikitolewa maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Kwenye injini nyingi za malori hoja hiyo huangukia pua. Maji yana njia mbili: moja kwenda kwenye rejeta, nyingine ya mkato inayoyarudisha kwenye injini moja kwa moja ili ipate joto haraka asubuhi. Thermostati ikifunguka kwa joto, hufungua njia ya rejeta na wakati uleule huziba ya mkato. Ukiitoa, ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuionja rejeta. Utachemsha mlimani kwa sababu ya kile kile ulichokifanya ili usichemshe. Kwenye baridi ya Makambako, asubuhi, hasara ni nyingine: injini inachelewa kupata joto lake, dizeli haiungui vizuri, silinda zinalika. Kuipima ni rahisi, sufuria ya maji jikoni na kipimajoto vinatosha. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Namba imepigwa chapa kwenye kifaa chenyewe.

Utingo akichota maji mtoni na kuyamimina, ameokoa safari, sina ubishi. Tatizo ni maji hayo kukaa humo mwaka mzima. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani ya injini, na ukoko huzuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji. Rejeta inaweza kupigwa rodi ikasafika. Njia za ndani ya bloku hazina rodi. Malori makubwa mengi yana silinda zinazoguswa na maji moja kwa moja kwa nje. Kila mlipuko wa dizeli huitikisa silinda, viputo vidogo sana hutokea na kupasuka juu ya chuma, na kila kimoja hudonoa. Baada ya muda kuna tundu, maji yanaingia kwenye oili. Kulanti yenye dawa yake hufunika chuma kwa utando unaozuia kudonolewa huko. Kulanti si maji ya rangi, hata kama chupa nyingi sokoni zinastahili jina hilo.

Tunabaki na neno linalomtisha kila tajiri: gasketi. Dalili zake zinajulikana. Mipira ya maji inakuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha injini ya baridi, kabla joto halijapanda. Oili inageuka rangi na kuwa na povu. Moshi mweupe hautaki kuisha. Na ile inayohukumu kesi nyingi: ukifungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa, ukaiwasha, viputo vinapanda bila kukoma. (Baridi kabisa, narudia. Mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa ya moto humwaga maji na mvuke usoni, na wapo waliokatazwa na bado wakafungua.)

Fundi akiona viputo hutangaza hedi. Kwenye pikapu huenda yuko sahihi. Kwenye lori la breki za upepo asubiri kwanza, maana kompresa ya upepo ya malori mengi hupozwa na maji yaleyale ya injini. Gasketi ya kompresa ikipasuka, upepo wake huingia kwenye maji na kuleta viputo, mipira migumu na maji kufoka. Nimesikia hedi ngapi zimefunguliwa na kunyooshwa bure kwa ajili ya kifaa hicho kidogo kilichofungwa ubavuni!

Kukitambua hakuhitaji mashine. Gari likiwa limesimama, limewekewa majiwe, injini baridi na mfuniko wazi, kanyaga breki mara nyingi mpaka geji ya upepo ishuke, kisha acha injini iujaze tena huku mtu akiangalia mdomo wa rejeta. Wakati wa kujaza kompresa inasukuma. Matangi yakijaa, valvu inatoa ule mlio wake wa kupumua na kompresa inaacha kusukuma. Viputo vikiendelea vilevile, hedi ifunguliwe. Vikipungua sana au kukoma papo hapo, fungua kompresa, na hedi iache ilipo.