Mnara, Umbali na Kasi ya Intaneti

Mnara wa simu haurushi mawimbi yake ovyo kila upande. Juu yake hufungwa antena ndefu za bapa, mara nyingi katika makundi matatu, na kila kundi huhudumia pembe ya takriban nyuzi 120. Eneo linalohudumiwa na kundi moja huitwa seli, hivyo mnara wa kawaida huwa na seli tatu kwa kila masafa yanayotumika. Kando ya antena hizo mara nyingi huonekana madishi ya mviringo yaliyofunikwa kama ngoma. Madishi haya hayawasiliani na simu za watu. Kazi yake ni kusafirisha mawasiliano kutoka mnara hadi mnara, hasa pale ambapo faiba haijafika.

Kuutazama mnara hakutoshi kujua ni wa mtandao gani. Minara mingi ya Afrika Mashariki na Kongo inamilikiwa na kampuni za kukodisha minara, kama Helios Towers iliyopo Tanzania na Kongo, na mitandao kadhaa hupanga antena zake juu ya nguzo moja. Anayetaka kujua simu yake imeshika wapi hana budi kusoma namba ambazo seli huzitangaza bila kukoma.

Namba zinazoutambulisha mnara

Namba ya kwanza ni ya nchi: Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Burundi 642, Rwanda 635 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 630. Ya pili ni ya mtandao wenyewe. Safaricom, kwa mfano, ni 639-02, na Vodacom Tanzania ni 640-04. Namba hizi ndizo hueleza hali inayowapata wakazi wa Namanga, mji uliokatwa na mpaka, pale simu yenye laini ya Kenya inaposhika mnara wa Tanzania na gharama kupanda. Mawimbi hayajui mpaka, lakini 639 ikigeuka 640 simu inajua iko kwenye mtandao wa ugenini.

Namba ya tatu ni ya seli. Katika 4G, namba hii hubeba habari mbili kwa pamoja, yaani mnara na upande wake. Ikigawanywa kwa 256, jibu zima ni namba ya mnara na baki ni namba ya seli. Ikiwa simu inaonyesha 25,937,922, basi mnara ni 101,320 na seli ni ya 2. Mtu akiuzunguka mnara huo, ataona baki ikibadilika kila anapoingia upande mwingine, huku namba ya mnara ikibaki ileile.

Katika simu nyingi za Android, baadhi ya taarifa hizi hufunguka kwa kupiga *#*#4636#*#*, na katika iPhone kwa kupiga *3001#12345#*. Hazitaji mahali mnara uliposimama. Kwa hilo kuna hazina za wazi kama OpenCelliD, ambako watu wa nchi mbalimbali hukusanya namba za seli pamoja na sehemu zilikopatikana.

Umbali na nguvu ya mawimbi

Vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu ni makadirio tu. Kipimo halisi ni dBm, na kwa kawaida huandikwa kwa namba hasi. Katika 4G, -80 ni nguvu nzuri sana, -100 ni ya wastani, na chini ya -110 mawasiliano huanza kuyumba. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu, hivyo simu inayopata -80 inapokea nguvu mara mia moja ya ile inayopata -100.

Mahali peupe pasipo kizuizi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hubaki robo. Mjini, kwenye majengo na miti, huweza kubaki sehemu moja ya kumi. Masafa nayo yana uzito wake: mawimbi ya megahezi 700 hadi 900 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ilhali yale ya 2600 au 3500 hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Paa la bati na ukuta wa zege hupunguza nguvu kiasi kwamba kusogea dirishani kunaweza kusaidia zaidi kuliko kuukaribia mnara kwa mamia ya mita.

Mnara hujua umbali wa simu kwa kupima muda wa mawimbi kusafiri. Katika 2G hatua moja ya kipimo hicho ni takriban mita 550, na hatua huishia 63. Ndiyo maana mvuvi aliye zaidi ya kilomita 35 kutoka mnara wa pwani anaweza kuona mtandao wa 2G kwenye simu na bado asiweze kupiga, kwa sababu katika mpangilio wa kawaida jibu la simu yake huchelewa kupita nafasi liliyotengewa. Katika 4G hatua ni takriban mita 78, na mpaka unakaribia kilomita 100.

Kutoka nguvu hadi kasi

Kasi hutegemea jinsi mawimbi ya mnara yanavyozidi kelele na mawimbi ya seli jirani. Yakizidi sana, kila alama inayorushwa hubeba biti 8. Yakififia, mnara hushuka hadi biti 6, 4, na mwishowe 2, tena ukiongeza kinga dhidi ya makosa. Aliye pembezoni mwa seli hivyo hutumia muda mrefu wa mnara kupata picha ileile, na muda huo hukatwa kwenye fungu la wengine.

Kutuma ndiko hudhoofika kwanza. Mnara hurusha makumi ya wati, lakini simu ya kawaida ya 4G haizidi wati 0.2. Simu iliyo mbali hulazimika kurusha kwa nguvu zake zote, na chaji huisha upesi.

Hata hivyo, ukaribu peke yake hauhakikishi kasi. Seli ya 4G yenye upana wa megahezi 20, kwa antena mbili na biti 6 kwa alama, hufikia kilele cha megabiti 150 kwa sekunde kwa watumiaji wote. Simu 30 zikipakua kwa pamoja, hata katika hali bora kila moja hupata megabiti 5. Mvua kubwa nayo, ingawa haiyadhuru sana mawimbi ya simu, hudhoofisha madishi yanayounganisha minara kwa masafa ya juu, na intaneti hupungua huku vijiti vikiwa vimejaa.

Kwa hiyo kasi ikiwa ndogo, kipimo cha dBm husomwa kwanza. Kikiwa chini ya -110, sababu ni umbali au kizuizi, na dawa ni kuhama chumba, kupanda juu au kufunga antena ya nje. Kikiwa kizuri, yafaa kupima tena usiku wa manane: kasi ikipanda, tatizo ni msongamano wa watumiaji. Isipopanda, huenda kuna mwingiliano wa seli jirani au njia inayouhudumia mnara imezidiwa, na hapo mtandao ndio wenye kurekebisha.