Mkato mmoja unaoharibu hesabu ya mzigo mpakani

Daftari la mfanyabiashara wa mpakani siku hizi limehamia kwenye simu. Bei huandikwa mstari kwa mstari, hutumwa kwa mshirika upande wa pili, na huko huhifadhiwa kama faili la maandishi. Kijana wa nyumbani anayejua kidogo lugha ya kompyuta ya Python huombwa ajumlishe. Makosa mengi huanzia hapo.

Kwa Python, kila kinachosomwa kwenye faili la maandishi ni maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Ukijumlisha 1500 na 2000 bila kuzigeuza kuwa namba hupati 3500, bali 15002000, kama vipande viwili vya karatasi vilivyogundishwa. Ukipanga bei kuanzia ya chini, 1200 itatangulia 950, kwa kuwa 1 huja kabla ya 9. Aliyetaka bei nafuu anaishia kununua ghali.

Dawa yake ni mistari miwili:

with open("bei.txt") as faili:
    bei = [float(m) for m in faili if m.strip()]

Wa kwanza hufungua faili. Wa pili hupitia kila mstari, huruka mitupu, hugeuza maandishi kuwa namba kwa float, kisha huziweka kwenye orodha iitwayo bei. Baada ya hapo sum(bei) hutoa jumla, na min(bei) hutoa bei ya chini kabisa.

Kigumu zaidi ni mkato. Tanzania, Kenya na Uganda hutenganisha maelfu kwa mkato: 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Burundi na Kongo, zilizorithi uandishi wa Kifaransa, huutumia kwa desimali: 12,5 ni kumi na mbili na nusu. Python haipokei mkato wa aina yoyote. Float ikikutana nao, kazi husimama na ujumbe wa kosa hutokea. Wenye haraka huongeza replace(",", "") ili kufuta mikato yote. Programu hutulia, lakini sasa inadanganya, na afadhali ile iliyokuwa ikigoma.

Chukua katoni 40 zinazotoka Burundi kuingia Tanzania kupitia Kobero na Kabanga, kila moja dola 12,5 za Marekani. Thamani yake ni dola 500. Mkato ukifutwa, bei inakuwa 125 na mzigo unafika dola 5,000. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili, bila kulazimika kutafuta wakala wa forodha. Mwenye katoni hizo atamlipa wakala bure.

Kwa hiyo faili la kila nchi lisomwe peke yake. La Tanzania, mkato ufutwe, la Burundi, ugeuzwe nukta kwa float(m.replace(",", ".")). Faili likichanganya mitindo yote miwili, hakuna programu itakayojua 1,250 ni elfu moja na ushei au ni moja na robo. Hapo apigiwe simu aliyeiandika, kabla mzigo haujapakiwa.