Mchoro wa fremu ukihamishwa vibaya, hesabu zote zinaharibika

Kwenye AutoCAD mchoro wa jengo unaonekana safi kabisa. Ukihamishiwa kwenye programu ya kukokotoa nguvu, kama SAP2000, mambo yanaweza kwenda mrama. Kwa nini?

Programu hizo haziangalii picha. Kwao kila nguzo na boriti ni mstari mmoja unaopita katikati, na mistari huungana kwenye nodi. Boriti iliyochorwa kwa kingo zake mbili itasomwa kama boriti mbili.

Kabla ya kuhifadhi faili la DXF, mhandisi ahakikishe haya:

1. Ncha zikutane. Pengo la sentimita 1 halionekani kirahisi kwenye skrini, ila kwa programu boriti hiyo haijashika nguzo.

2. Mistari iliyolaliana ifutwe. Ikibaki, fremu inaweza kuonekana imara kuliko ilivyo.

3. Vipimo vilingane. Mchoro wa milimita ukisomwa kama mita, boriti ya mita 6 inakuwa ya kilomita 6!

4. Nguzo na boriti zikae leya tofauti, ili iwe rahisi kuzipa ukubwa wake.

Baada ya hapo kuna jaribio la haraka. Piga hesabu ya uzito wa fremu kwa mkono, kisha linganisha na jumla ya nguvu inayofika kwenye msingi. Zikipishana sana, usiendelee. Kompyuta si lazima ikuambie mchoro ni mbovu. Mara nyingi inatoa majibu tu, na jengo linasimamishwa kwa majibu hayohayo.