Redio Yenye Sauti Kuu

Katika nchi ya Marekani, kando ya mto Ohio, kuna mji uitwao Cincinnati. Mwaka 1921 alikaa humo bwana mmoja mwenye viwanda, jina lake Powel Crosley. Siku moja mtoto wake wa kiume alimwomba amnunulie chombo cha redio. Siku zile redio ilikuwa kitu kipya, na watoto wa mji walikitamani sana. Baba na mtoto wakaenda dukani. Lakini Bwana Crosley aliposikia bei, alishangaa: zaidi ya dola 100! Hakununua chombo. Alinunua kitabu kidogo cha senti 25 chenye kueleza namna redio inavyotengenezwa, akarudi nacho nyumbani, akaanza kujenga chombo kwa mikono yake.

Na chombo kikasema! Basi akawaza: Ni watu wangapi wanaotaka kusikia redio, nao hawana dola 100? Akaanza kutengeneza vyombo vya bei rahisi. Mwaka 1925 aliuza kimoja kidogo kwa dola 9 na senti 75, na watu wengi wakaja kununua.

Lakini chombo cha bei rahisi kina masikio mazito. Mzee mwenye masikio mazito akisemezwa kwa sauti ndogo hasikii. Ni lazima msemaji apaze sauti. Crosley alifahamu hayo. Kama vyombo vyake ni vizito wa kusikia, basi kituo cha kusemea kiwe na sauti kubwa. Kwa hiyo alijenga kituo chake mwenyewe, na mwaka 1922 serikali ikakipa ruhusa na jina la herufi tatu: WLW. Nguvu yake ilikuwa wati 50 tu, sawasawa na taa moja ya nyumbani. Kisha akaongeza, akaongeza tena: wati 5,000 mwaka 1925, wati 50,000 mwaka 1928.

Pengine mtauliza: Fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Wasikilizaji hawakulipa kitu. Waliolipa ni wenye biashara, ili bidhaa zao zitajwe katika redio. Mjini Cincinnati palikuwa na kampuni kubwa ya sabuni, Procter & Gamble. Mwaka 1933 WLW ilianza kutangaza hadithi ya mama mjane aitwaye Ma Perkins, kila siku kipande kimoja, na katikati ya hadithi sabuni ikasifiwa. Akina mama walifua nguo huku wakisikiliza. Hata leo Wamarekani huziita hadithi za namna hii michezo ya sabuni. Na wenye biashara walihesabu vizuri: kituo kikisikiwa na watu wengi zaidi, ndipo bidhaa huuzwa zaidi. Kwa hiyo Crosley hakutosheka na wati 50,000.

Akaomba ruhusa ya wati 500,000. Hakuna kituo cha redio cha Marekani kilichokuwa na nguvu kama hizo. Serikali ilikubali, lakini kwa kujaribu tu, na kila miezi sita ilimpasa aombe tena. Mtambo ulijengwa karibu na Mason, kaskazini ya Cincinnati. Mnara wake wa chuma ulipanda mita 253. Umbo lake ni la ajabu: ni mwembamba chini, mnene katikati, mwembamba tena juu, na uzito wake wote umekaa juu ya kipande cha kauri kisichopitisha umeme. Ndani ya nyumba, taa kubwa za mashini zilipata moto mkali hata ilikuwa lazima kuzipoza kwa maji bila kuacha. Joto la maji yale lilichukuliwa na maji mengine, nayo yakarushwa hewani nje juu ya bwawa ili yapoe. Mapya yote hayo yaligharimu karibu dola nusu milioni.

Tarehe 2 Mei 1934, usiku, Rais Roosevelt aliyekuwa mjini Washington aligusa kifungo cha dhahabu, na mtambo ukaanza kazi.

Sasa tuangalie jambo ambalo wengi hukosea. Nguvu zikiongezwa mara 10, sauti haifiki mara 10 zaidi. Mawimbi ya redio hutawanyika pande zote, kama mawimbi ya maji mtoto akitupa jiwe bwawani. Kadiri yanavyokwenda mbali, yanazidi kudhoofika. Nguvu mara 10 huyapa mawimbi kimo cha mara 3 tu hivi. Tena kuna tofauti ya mchana na usiku. Mchana, mawimbi ya WLW hufuata uso wa nchi. Usiku, yale yaliyokwenda juu hurudishwa na tabaka la hewa ya juu sana lenye umeme, yakaanguka tena mbali sana. Ndiyo sababu kituo kilichosikika mchana katika majimbo machache kilisikika usiku karibu katika nchi nzima. Crosley mwenyewe alikiita Kituo cha Taifa.

Majirani wa Mason walipata vituko. Husimuliwa kwamba mifereji ya mabati iliimba, vitanda vya chuma vilisema, na taa nyingine zilikataa kuzimika. Msidhani ni uchawi. Mahali chuma chenye kutu kinapogusana na chuma kingine, kutu yaweza kufanya kazi ileile ya kijiwe cha redio ndogo, na bati likatetemeka kwa sauti.

Vituko hivyo vilikuwa vya kuchekesha. Mashitaka ya Toronto hayakuchekesha. Katika mji huo wa Kanada palikuwa na kituo kingine, CFRB, ambacho namba yake ilikuwa 690. WLW ilikuwa 700, jirani kabisa. Usiku sauti ya WLW iliwaingilia watu wa Kanada, wasisikie redio yao wenyewe. Basi serikali ya Marekani ikaamuru nguvu zipunguzwe usiku. Mafundi walifikiri, kisha mwaka 1935 wakajenga minara mingine miwili iliyozuia mawimbi yasielekee Kanada kwa nguvu. Hapo wati 500,000 zikaruhusiwa tena usiku.

Mwezi wa Januari 1937 mto Ohio ulifurika. Mjini Cincinnati maji yalipanda karibu mita 24, kupita mafuriko yote yaliyojulikana pale. Nyumba zilizama, watu maelfu wakakimbilia milimani. Siku zile hakuna aliyelalamika kwamba redio ina sauti kubwa. Watu walitaka kujua maji yamefika wapi, njia ipi ingali wazi, na redio iliwapa habari hizo.

Lakini shauri la vituo vidogo lilikuwa bado. Wenye vituo hivyo walisema: Mwenye biashara akiweza kusikika katika majimbo mengi kwa kulipa kituo kimoja, atatulipa sisi kwa nini? Tutafunga milango, na mji wetu hautakuwa na sauti yake. Watu wa WLW walijibu: Na wakulima wa mashamba ya mbali, ambao hawana kituo karibu, watasikiliza nini? Neno la wakulima lilikuwa na haki yake. Lakini kituo cha mbali hakitangazi mkutano wa kijiji chako, wala daraja lenu lililovunjika, na hayo pia ni mambo ya watu.

Mwezi wa Juni 1938 baraza la Seneti lilikubali neno la Seneta Burton Wheeler wa Montana, kwamba kituo cha namna hii kisipewe zaidi ya wati 50,000. Tume ya serikali ikakataa kuiongezea WLW ruhusa, na tarehe 1 Machi 1939 ikarudi kwenye wati 50,000. Kwa muda iliachwa ijaribu mtambo mkubwa baada ya usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Nayo hayo yakakoma wakati wa vita.

Ufundi wake haukupotea. Mwaka 1944 kampuni ya Crosley ilijenga karibu na Mason mitambo ya Sauti ya Amerika, yenye kusema na nchi za ng'ambo, na ile ilifanya kazi mpaka mwaka 1994. Crosley alikufa mwaka 1961. WLW ingali yasema kwa namba 700 na wati 50,000, kutoka mnara uleule wa Mason.