Motokaa Mbili Zilizoachwa Barabarani

Watu wengi hudhani kuwa motokaa huibwa na kuharibiwa zaidi katikati ya mji mkubwa kwa sababu huko ndiko wanakokaa watu wabaya, na kwamba motokaa iliyolazwa katika viunga vya mji, penye nyumba za bustani, i salama kwa sababu wenyeji wa huko ni watu wema. Ni kweli kwamba mara nyingi hatari ni kubwa zaidi mjini. Lakini sababu hiyo inayotolewa haikubaliki upesi, na jaribio moja lililofanywa Marekani, ambalo habari zake zilitangazwa mwaka 1969, laonyesha kwa nini.

Jaribio hilo lilifanywa na Profesa Philip Zimbardo, mwalimu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, katika Chuo Kikuu cha Stanford. Alitafuta motokaa mbili kuukuu. Moja akaiacha kando ya barabara katika mtaa wa Bronx, mjini New York, ambako watu ni wengi mno na majumba yamesongamana. Ya pili akaiacha Palo Alto, mji mdogo wa California wenye nyumba nzuri, ambao ni kama kiunga cha mji mkubwa. Motokaa zote mbili ziliondolewa vibao vya namba, na boneti zikaachwa wazi, ili kila apitaye adhani kuwa mwenyewe ameitupa au ameharibikiwa njiani. Kisha watazamaji wakajificha mahali pa karibu ili waone yatakayotokea.

Kule Bronx hazikupita dakika kumi. Wa kwanza kufika hawakuwa wahuni wa usiku, bali baba, mama na mtoto wao mwanamume wa umri wa miaka minane hivi. Mama alisimama akiangalia huku na huku. Mtoto alimsaidia baba yake kupekua ndani ya buti, akawa akimpa vyombo vya kufungulia, na baba akang'oa betri na rejeta. Kazi yote ilichukua dakika saba. Katika habari zote za jaribio hili pengine hakuna ya kusikitisha kuliko hiyo, kwani mtoto yule alikuwa akifundishwa kazi.

Baada ya hao wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine. Siku moja na saa chache zilipotimia, motokaa ilikuwa imekwisha kuondolewa waya wa redio, vifuta vioo, vifuniko vya magurudumu, kopo la mafuta, na tairi moja la nyuma. Kilipokuwa hakuna tena kitu cha thamani cha kuchukua, ndipo ulipoanza uharibifu usio na faida kwa mtu yeyote. Vijana wawili, huku wakicheka, walivunja kioo cha kutazamia nyuma wakakitupia taa na kioo cha mbele. Watoto wadogo wakaifanya motokaa kuwa uwanja wao wa mchezo, wakiingia na kutoka na kuvunja madirisha. Mmoja wa wageni wa mwisho alikuwa mtu mzima aliyevaa koti zuri la manyoya ya ngamia na kofia ya kulingana nalo, akisukuma kigari cha mtoto mchanga. Alisimama, akapekua buti, akatoa kipande fulani cha chuma, akakiweka ndani ya kigari pamoja na mtoto, akaenda zake.

Yafaa kuangalia mambo mawili hapo. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa mchana kweupe, tena mbele ya wapita njia, na wengine wao walisimama wakazungumza na waharibifu kama watu wazungumzavyo na fundi. Pili, wengi wa wale watu wazima walikuwa Wazungu waliovaa vizuri, ambao mtu angekutana nao mahali pengine angewaita mabwana na mabibi wa heshima. Basi neno "wahuni wa mjini" halielezi jambo lolote hapa.

Palo Alto mambo yalikuwa kinyume kabisa. Siku zilipita na motokaa haikuguswa. Siku moja mvua ilinyesha, na mtu mmoja aliyekuwa akipita alisimama akaifunga boneti ili injini isilowe maji. Tena Profesa alipokuja mwenyewe kuiondoa, majirani watatu walipiga simu kwa polisi kueleza kwamba kuna mtu anayeiba motokaa iliyoachwa.

Maelezo ya Profesa yalikuwa haya. Katika mtaa wa watu maelfu kwa maelfu, hakuna amjuaye mwenzake. Mtu afanyaye uovu hana wa kumwita kwa jina, na aonaye uovu hajui kama ni uovu, kwani pengine huyo anayeng'oa betri ndiye mwenye motokaa. Kila mmoja hudhani kuwa si kazi yake kuuliza. Kiungani, mahali ambapo jirani huijua motokaa ya jirani, jambo geni huonekana mara moja, na aliyeliona hujiona kuwa na wajibu nalo. Vibao vya namba vilivyoondolewa na boneti iliyoachwa wazi vilisema neno moja katika miji yote miwili: mwenyewe hayupo. Katika mji mmoja neno hilo lilisikika kama ruhusa, na katika mji wa pili kama ombi la msaada.

Mtu angeweza kuishia hapo na kuwasifu watu wa viungani. Lakini jaribio lilikuwa na sehemu ya mwisho. Motokaa ya Palo Alto ilipelekwa ndani ya uwanja wa Chuo Kikuu, na Profesa pamoja na wanafunzi wake wawili wakaanza kuipiga kwa nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilikuwa gumu kwao, kisha wakaona raha. Wanafunzi waliokuwa wakitazama walipiga kelele za kuwatia moyo, na mwishowe wakaingia kazini wenyewe. Mmoja alipanda juu ya paa, wengine wakang'oa milango, mwingine akavunja vioo. Hao walikuwa vijana wa chuo chenye sifa kubwa. Walichohitaji ni mtu wa kutangulia tu.

Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1982, mabwana wawili, James Q. Wilson na George Kelling, waliandika makala mashuhuri wakisema kwamba dirisha moja likivunjika na lisitengenezwe, yote yatavunjwa. Walitumia jaribio hili kuwa mfano wao. Hawakueleza, hata hivyo, kwamba motokaa ya pili ilikuwa imehamishwa kutoka barabarani hadi chuoni. Msomaji wao aliweza kudhani kuwa wenyeji wa kiunga kile waliharibu motokaa iliyokuwa mbele ya nyumba zao, na sivyo ilivyokuwa. Jambo hilo si dogo, kwa sababu fikira za makala ile zilifuatwa na polisi wa New York tangu mwaka 1994, na watu wengi sana walikamatwa kwa makosa madogo madogo. Motokaa mbili peke yake ni msingi mwembamba wa kujengea sheria za mji.

Kwa upande wa wizi wenyewe, kuna mambo mengine ambayo hayategemei tabia ya majirani. Kwanza ni mahali motokaa inapolala. Uchunguzi uliofanywa Uingereza umeonyesha kuwa motokaa iliyofungiwa bandani huibwa kwa nadra, iliyo ndani ya ua huibwa zaidi kidogo, na iliyoachwa barabarani usiku ndiyo iliyo hatarini kuliko zote. Nyumba nyingi za viungani zina banda na ua. Za mjini hazina. Hivyo tofauti kubwa kati ya mji na kiunga ni tofauti ya nafasi ya ardhi.

Jambo la pili ni kufuli. Mwaka 1963 Ujerumani Magharibi iliamuru kila motokaa, mpya na kuukuu, iwe na kufuli la usukani, na wizi ukapungua sana. Uingereza ilipofanya hivyo mwaka 1971, amri ilihusu motokaa mpya tu. Wezi hawakuacha kazi, bali waligeukia zile kuukuu, ambazo kwa kawaida ndizo mali ya watu wasio na uwezo. Baadaye kikatengenezwa kifaa cha umeme kisichoruhusu injini kuwaka bila ufunguo wake halisi. Huko Marekani motokaa zaidi ya milioni 1.6 ziliibwa mwaka 1991, na mwaka 2014 hesabu ilikuwa chini ya 700,000. Kifaa hicho ni sababu moja ya kupungua huko, ingawa si sababu pekee.

Siku hizi, hata hivyo, kiunga nacho kimepata hatari yake. Funguo nyingi mpya hazitiwi tena katika tundu, bali hupeleka ishara kwa mawimbi ya redio. Wezi huja wawili. Mmoja husimama karibu na mlango wa nyumba na chombo kinachonasa ishara ya ufunguo uliowekwa mezani au msumarini ndani, na kumpelekea mwenzake aliye kando ya motokaa. Mlango hufunguka, injini huwaka, na hakuna kioo kilichovunjwa wala jirani aliyeamshwa. Hapo ile nyumba ya kiungani, ambayo motokaa hulala hatua chache tu kutoka mlangoni, humrahisishia mwizi kazi, na yule akaaye ghorofa ya kumi mjini, ufunguo ukiwa mbali juu, amesalimika.

Tena motokaa iliyoibwa namna hiyo haikai kiungani. Mwaka 2019 wakuu wa forodha wa Kenya walikamata katika bandari ya Mombasa magari ya thamani kubwa yaliyokuwa yameibwa Uingereza, yakiwa yamefichwa ndani ya makontena yaliyoandikwa kuwa yana vyombo vya nyumbani. Magari ya namna hiyo hutambuliwa kwa namba iliyopigwa juu ya chesisi, ambayo ni vigumu kuifuta bila kuacha alama. Kwa hiyo mtu anayetaka kununua motokaa iliyotumika hufaa alinganishe namba hiyo na ile iliyo katika kitabu cha gari kabla ya kutoa fedha zake, kwani mali ya wizi ikijulikana hurudishwa kwa mwenyewe, na aliyeinunua hubaki na risiti mkononi.